Mizani Mbele ya Kamera: Sifa na Ila za Mashindano ya Mawakili

Tarehe 28 Julai 2005, kampuni ya utangazaji ya NBC nchini Marekani ilianza kuonyesha kipindi kilichoitwa The Law Firm, ambamo mawakili kumi na wawili, wote watu wa kazi hiyo, walishindana wiki baada ya wiki kuwania tuzo ya dola 250,000. Mtungaji wake alikuwa David E. Kelley, aliyepata kuwa wakili mjini Boston kabla ya kugeukia uandishi wa tamthilia na kupata umaarufu kwa The Practice na Ally McBeal. Na aliyewekwa juu ya washindani, awagawie kazi, awapime na kumwondoa aliyepungua, alikuwa Roy Black wa Miami, wakili wa utetezi ambaye Wamarekani walimjua vyema tangu 1991, alipomtetea William Kennedy Smith hata akaachiliwa huru. Jambo lililokitenga kipindi hiki na michezo mingine ya kushindana ni kwamba kesi zake hazikubuniwa. Wadai walikuwa watu wa kweli wenye magomvi ya kweli, nao walikubali tangu awali kwamba neno litakalotoka katika chumba kile litawafunga kama hukumu. Baada ya vipindi viwili tu NBC ilikiondoa kwa uchache wa watazamaji, na vilivyosalia vikahamishiwa katika stesheni ya Bravo.

Ni rahisi kukihesabu kipindi hicho miongoni mwa mambo yaliyopita mbali nasi, tukasema ni mchezo wa Wamarekani uliokufa ungali mchanga. Lakini miaka iliyofuata imeleta katika Kenya mashindano ya kuimba, ya kucheza ngoma, hata ya vijana wakulima, yote yakitazamwa katika runinga na sasa katika simu za mkononi. Na katika miaka hiyohiyo mahakama zetu, ambazo zamani hazikujulikana ila na waliofikwa na shida, zimeingia katika runinga hizohizo. Mambo haya mawili yamekaribiana kiasi kwamba mtu mwenye mtaji na tamaa ya kuyaunganisha hatakawia kutokea. Afadhali tuyapime kabla hajafika, na mahali pa kuyapimia pawe hapa Isiolo, kwa sababu uhusiano wa mji huu na sheria una historia ambayo inazidhihirisha sifa na ila za jambo hili kuliko inavyoweza Nairobi.

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, mtu wa Isiolo hakuijua sheria kama mazungumzo ambayo yeye naye ana zamu yake ya kusema. Aliijua kama amri. Chini ya Waingereza, Isiolo ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na kizuizi kilichowekwa barabarani hapa kiliigawa Kenya katika nchi mbili, asiyekuwa na kibali asipite, akitoka kusini wala akitoka kaskazini. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 ilimpa mtawala uwezo wa kuifunga wilaya nzima. Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 ikamwongezea uwezo wa kuiadhibu kabila nzima kwa kosa la wachache, mifugo ikatwaliwa pasipo kila mwenye mifugo kusimama mbele ya hakimu na kuulizwa ana neno gani. Uhuru ulipokuja, vita vya Shifta, vilivyoanza 1963 na kwisha 1967, viliirefusha hali ile chini ya bendera mpya, na mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, iliyowazuilia watu njia ya kuwashtaki maofisa na askari kwa yale waliyoyatenda kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967, mradi waliyatenda, kwa maneno ya sheria hiyo, kwa nia njema. Na mahali palipotajwa ni Mkoa wa Kaskazini Mashariki pamoja na Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Mjane aliyepoteza mume na ngamia katika miaka hiyo hakuambiwa kwamba dai lake ni dhaifu. Aliambiwa kwamba hakuna mlango wa kulipelekea.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa kuwa sifa ya kwanza ya sheria katika runinga haiwezi kuthaminiwa na asiyeyajua. Mtoto aliyelelewa na wazee wenye kumbukumbu kama hiyo, akiketi mbele ya kioo na kumwona mdaiwa, awe tajiri au awe wizara ya serikali, akiitwa na kuitika, akiulizwa na kulazimika kujibu, huku hakimu akimnyamazisha mwenye cheo ili mnyonge amalize neno lake, mtoto huyo amejifunza jambo ambalo hotuba za utawala bora hazikupata kumfundisha. Katika hilo hata kipindi hafifu cha mashindano kina kheri. The Law Firm, pamoja na ila zake zote, kiliwaonyesha watazamaji wake kazi ambayo tamthilia huificha: mawakili wakigombana juu ya shahidi gani aitwe, wakitafuta hati usiku, wakiandika maswali na kuyafuta, wakigundua kwamba hoja waliyoipenda haina ushahidi wa kuitegemeza.

Kenya iliionja sifa hiyo kwanza kwa njia ya kicheko. Vioja Mahakamani, kipindi cha shirika letu la taifa la utangazaji kilichodumu kwa miongo, kiliwaleta kizimbani akina Makokha, Masaku na Ondiek Nyuka Kwota kwa makosa madogomadogo ya kila siku, na watu ambao hawajakanyaga mahakama walijifunza humo utaratibu wa chumba kile: nani huketi juu, nani husoma mashtaka, kwamba mshtakiwa huulizwa anakubali au anakana kabla ya neno jingine lolote, kwamba shahidi huapa ndipo aseme, na kwamba hukumu hutolewa na sababu zake. Elimu hiyo ilitolewa kwa Kiswahili, kwa wote, wala haikudai ada. Ila yake, kwa maoni yangu, ni kwamba kicheko kilimwangukia mshtakiwa zaidi kuliko wengine, na mtazamaji akazoea kumwona mtu aliye kizimbani kuwa amekwisha kosa hata kabla hajafungua kinywa.

Lakini jambo lililokaribia zaidi mashindano ya wanasheria katika nchi hii, nalo lilikuwa la kweli tupu, ni mahojiano ya kumtafuta Jaji Mkuu. Zamani Rais alimteua amtakaye, na umma ukalisoma jina gazetini. Tangu Katiba ya 2010, Tume ya Huduma za Mahakama huwaita waombaji mmoja mmoja na kuwahoji mbele ya kamera, nchi nzima ikitazama. Mwezi wa Aprili 2021, baada ya Jaji Mkuu David Maraga kustaafu, waombaji kumi waliketi katika kiti kile, kila mmoja siku yake, kuanzia tarehe 12, wakaulizwa juu ya hukumu walizoandika, mali walizochuma, mashauri yaliyorundikana na hasira walizo nazo. Na tarehe 27 Tume ikamtaja Martha Koome, mzaliwa wa Meru, jirani zetu wa kusini, akawa mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho katika Kenya.

Mahojiano hayo yana sifa ambayo sipendi ipitwe haraka. Mwaka 2016 Maraga, ambaye ni Msabato, aliulizwa angefanyaje iwapo kesi ya urais ingemlazimu kuketi siku ya Jumamosi. Naye akajibu waziwazi kwamba ni vigumu sana kwake kuiacha ibada yake, na kwamba angezungumza na wenzake ili wampangie zamu nyingine. Jibu hilo lingeweza kumkosesha cheo, wala halikupambwa ili limpendeze mtu. Alipewa cheo, na mwaka uliofuata, tarehe 1 Septemba 2017, mahakama aliyoiongoza ikaubatilisha uchaguzi wa rais, jambo ambalo hadi siku hiyo halikuwa limepata kutokea katika Afrika. Aliyeyaona mahojiano yale hakustaajabu kwamba mtu yule angeweza kutoa neno zito bila ya kutazama nani atakasirika. Hapo kamera ilimfaa raia. Kwa upande wa pili, mwaka 2011 Willy Mutunga aliulizwa juu ya kipuli anachovaa sikioni, na kwa muda kipuli kikazungumzwa mitaani kuliko fikira zake juu ya katiba mpya ambayo yeye ndiye angeanza kuipa uhai. Kamera hupenda kinachoonekana. Na mengi katika sheria hayaonekani.

Kesi za urais za 2013, 2017 na 2022 zilituonyesha sura nyingine. Katiba inaitaka Mahakama ya Juu iamue ndani ya siku 14, hivyo kesi hizo zina mwendo wa haraka unaomfaa mtazamaji, na zilionyeshwa nzima, tangu ombi hadi hukumu, pasipo mtu wa kukata na kuunganisha. Katika hoteli za chai za Isiolo watu walifuatilia hoja za mitambo ya kura na fomu za vituo kwa makini ambayo mwalimu wa uraia angeitamani. Watu walianza pia kuwa na mawakili wao kama wanavyokuwa na timu zao za kandanda, na kipande cha dakika mbili cha wakili aliyesema kwa madaha kilizunguka katika simu kuliko saa nzima ya wakili mtulivu aliyezitaja ibara kwa sauti ndogo. Hata hivyo yule aliyetaka kuijua kesi yote aliikuta yote, wala hakuna aliyemficha wakili mtulivu ili kipindi kipendeze.

Sasa na tuziangalie ila, na tuanze na iliyo kubwa. Wakili, kwa desturi ya kazi yake, ana mtu mmoja wa kumtumikia chini ya mahakama, naye ni mteja wake. Mtie wakili huyo katika mashindano, mwahidi dola 250,000, mwambie kwamba Jumatatu ijayo mmoja kati ya washindani atarudishwa kwao, na hapo umempa bwana wa pili ambaye matakwa yake hayapatani na ya yule wa kwanza. Mteja anataka mambo yaishe. Mashindano yanataka mambo yaonekane. Kila aliyepata kuwa na kesi anajua kwamba wakili mwema aghalabu hulimaliza shauri usiku wa kuamkia siku ya kusikizwa, kwa simu moja au mbili na karatasi iliyotiwa saini na pande zote. Lakini hakuna kipindi kitakachomsifu wakili kwa kesi ambayo haikusikizwa. Vilevile wakili mwerevu, akiona shahidi wa upande wa pili amekwisha jiharibu mwenyewe, husimama na kusema hana swali, kisha huketi. Katika chumba cha hukumu huo ni ustadi mkubwa. Katika kioo huonekana kama mtu aliyeishiwa na maneno, na anayemkodolea macho huku ameshika orodha ya washindani atamwekea alama ndogo. Na kwa kuwa katika The Law Firm aliyeamua nani abaki na nani aende alikuwa Black, wala si hakimu wa kesi, palikuwa na mizani mbili katika nyumba moja: moja ikiupima ukweli wa dai, nyingine ikiupima umahiri wa msemaji, na mtazamaji aliachwa ashikamane na ya pili, kwa sababu nyuso alizozizoea wiki kwa wiki zilikuwa za mawakili. Mdai alikuja mara moja, akalia au akakasirika, akaondoka. Gomvi lake, ambalo huenda lilimkosesha usingizi kwa miaka miwili, lilikuwa chombo cha kupimia watu wengine.

Vipindi vya mahakama vya Marekani vilivyotangulia havikuwa na mashindano, lakini vilikuwa na ila jamaa yake. The People's Court, kilichoanza 1981 na Jaji Joseph Wapner, na Judge Judy, kilichoendelea tangu 1996 hadi 2021, kwa hakika vilikuwa usuluhishi wa hiari uliovikwa mavazi ya mahakama, na fedha alizoamuriwa mshindi zililipwa na watengenezaji wa kipindi. Aliyeshindwa hakutoa senti mfukoni mwake. Kwa namna hiyo hukumu ilibaki na sauti yake ikapoteza uzito wake, na watazamaji mamilioni wakazoea kudhani kwamba kuhukumu ni kukemea. Mwaka 1989 gazeti la Washington Post liliwauliza Wamarekani majina ya majaji. Zaidi ya nusu wakamjua Wapner, na chini ya mmoja katika kumi wakamjua William Rehnquist, aliyekuwa Jaji Mkuu wa nchi yao.

Ila ya pili ni ya wakati, nayo naitaja kwa ufupi. Kipindi humaliza kesi kwa saa moja. Mtu wa Merti, aliye zaidi ya kilomita 200 kutoka mji wa Isiolo, hupanda gari alfajiri, hulala mjini kwa jamaa, huamka akaambiwa kwamba kesi yake imetajwa tu na kupewa tarehe nyingine, kisha hurudi. Aliyefunzwa na runinga kwamba haki ni ya saa moja atadhani kwamba amedhulumiwa siku ya kwanza, na huenda asirudi siku ya pili, ambayo ndiyo aliyoihitaji.

Ila ya tatu inatuhusu sisi wa kaskazini kuliko wote, nayo ni ya lugha. Mashindano ya mawakili yamejengwa juu ya ufasaha: sauti ipandayo na kushuka, neno lililochaguliwa, kituo kidogo kabla ya swali la mwisho. Katika mahakama zetu za chini lugha ni Kiingereza au Kiswahili. Katika Mahakama Kuu ni Kiingereza. Lakini wanaosimama kizimbani Isiolo ni Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru, na wengi wao, hasa wazee na wanawake waliokulia malishoni, huijua kesi yao kwa lugha ya mama zao tu. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya mahakama. Hapo ufasaha wote wa wakili, pamoja na vituo vyake na madaha yake, hupita katika kinywa cha mtu wa tatu, na hutoka upande wa pili ukiwa sentensi nne za Kiborana zisizo na pambo. Maneno ya mzee nayo hurudi kwa njia hiyohiyo: amesema kwa dakika kumi, akaanza na nasaba ya kisima, nani alikichimba na nani alioa kwa nani, kwa kuwa katika desturi yake haki ya maji haisemwi pasipo hayo, na mkalimani, akiwa na haraka ya mahakama, husema kwamba shahidi anasema kisima ni chao.

Mkalimani huyo, ambaye hakuna kipindi kitakachomtia katika orodha ya washindani, ndiye aliyeibeba kesi. Akilikosea neno moja la rangi ya ng'ombe au la msimu wa mvua, mtu anaweza kupoteza mifugo aliyorithi. Kipindi kitakachomwonyesha mtu huyo akifanya kazi yake polepole, akimwomba hakimu ruhusa ya kumwuliza shahidi tena, akieleza kwamba neno lile lina maana mbili, kingeisaidia haki katika kaunti hii kuliko mawakili kumi na wawili wenye tai za hariri. Nasema hivyo nikijua kwamba hakuna mfanyabiashara atakayefurahi kuyasikia.

Wala isidhaniwe kwamba haki ya hadharani ililetwa kwetu na runinga. Waborana wa Waso wana mabaraza yao chini ya mti, ambamo wazee wa dedha, yaani wa eneo la malisho, huamua nani ameingia katika malisho ya kiangazi kabla ya wakati na faini yake ni nini, na penye visima aba herega hupanga zamu za kunywesha, na kila apitaye huweza kusimama akasikiliza. Huo nao ni uwazi, na ufasaha una heshima kubwa humo. Mzee asemaye kwa mifano na subira husikizwa kuliko kijana aliyejaa hoja. Tofauti yake na mashindano ni hii, kwamba hakuna anayeondolewa. Aliyeshindwa hubaki jirani wa aliyeshinda, mifugo yao itakunywa maji ya kisima kimoja kiangazi kijacho, na kwa hiyo wazee huongea hata lipatikane neno ambalo pande zote zinaweza kuishi nalo. Katiba ya 2010, katika ibara ya 159, iliziamuru mahakama kuzikuza njia hizo, pamoja na upatanisho, maadamu hazivunji haki za binadamu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe baada ya aila mbili kupatana kwa fidia ya ngamia na mbuzi kwa mujibu wa mila na dini yao. Na mwaka 2020 Mahakama ya Kenya ikatoa sera nzima juu ya njia mbadala za haki.

Hata hivyo sitausifu mti kuliko unavyostahili. Maazimio ya Modogashe ya 2001, yaliyofungwa na wazee na maofisa ili kukomesha umwagaji wa damu kati ya jamii za wafugaji wa huku, yaliweka fidia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Maazimio hayo yaliokoa maisha, nami nayaheshimu; lakini nusu ile ni dhulma, na haipungui kuwa dhulma kwa sababu imetamkwa hadharani na wazee wenye mvi. Mwanamke ambaye dai lake ni juu ya mume wake au kaka zake aghalabu hana pa kukaa katika baraza lile, na kwake yeye chumba cha hakimu, au cha kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi, chenye faili na nambari ya kesi na njia ya rufaa, ni kimbilio. Ndiyo maana napenda ajue mapema chumba hicho kikoje, na runinga inaweza kumwonyesha.

Hivyo nafika kwenye rai yangu. Kosa la The Law Firm halikuwa kushindana, wala halikuwa kuionyesha sheria. Kosa lake lilikuwa kuiweka haki ya mtu aliye hai juu ya meza ya mashindano. Yatenge mambo hayo mawili, na kila moja lina faida. Mashindano ya sheria yasiyo na madhara yapo tangu zamani: Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria kimekuwa kikiwakusanya wanafunzi wa sheria wa Afrika nzima tangu 1992, wakabishana mbele ya majaji juu ya kesi iliyobuniwa, yenye nchi isiyokuwako katika ramani na mlalamikaji asiyezaliwa. Humo kijana anaweza kujaribu hoja ya kishujaa ikaanguka, akachekwa, akajifunza, na hakuna mtu aliyekosa shamba kwa ajili ya somo lake. Lau mtu angetengeneza kipindi cha namna hiyo kwa Kiswahili, vijana wa Isiolo, Garissa, Mombasa na Arusha wakishindana kwa kesi za kubuni zilizotungwa kwa ustadi juu ya ardhi ya jamii, urithi wa binti au ng'ombe aliyeokotwa, ningekitazama kila wiki, na ningewaombea washindane kwa nguvu zao zote.

Kesi za kweli nazo zionyeshwe, lakini zionyeshwe kama zilivyoonyeshwa zile za Mahakama ya Juu, nzima, pasipo mshindi wa wiki. Pa kuanzia ni palipo na umma. Sheria ya Mahakama za Madai Madogo ya 2016 inamruhusu mtu kudai hadi shilingi milioni moja akijisemea mwenyewe, na inaitaka mahakama imalize shauri katika siku 60. Huko ndiko atakakojikuta mwenye duka aliyeuziwa bidhaa mbovu, fundi aliyenyimwa ujira wake na mwenye mbuzi aliyegongewa mbuzi wake barabarani. Mtu akiyaona mashauri matatu tu ya namna hiyo tangu karatasi ya kwanza hadi malipo, pamoja na siku zilizoahirishwa na sababu zake, atajua aje na hati gani, akae wapi, aseme nini akiulizwa, na asiogope nani.

Masharti yawe makali. Watoto, waliobakwa na wenye mashauri ya ndoa wasionyeshwe kabisa. Mkalimani atajwe jina lake mwanzoni pamoja na hakimu na mawakili, na maneno ya shahidi yasikike kwa lugha yake mwenyewe kabla ya tafsiri. Gharama zilipwe na chombo ambacho hakinufaiki na upande wowote kushinda, na hukumu ilipwe na aliyehukumiwa. Na mwenye kesi akibadili nia yake, hata siku moja kabla ya kipindi kurushwa, picha zake ziondolewe pasipo kumwuliza sababu.